Kupanga kumbukumbu ya injini ya sataranji kwa michezo ya haraka: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kuna maswali matatu yanayoulizwa na karibu kila anayeanza kuendesha injini ya sataranji, yaani programu inayotafuta mwendo bora, kwenye kompyuta yake: aandike namba gani katika kisanduku cha Hash, yaani ukubwa wa kumbukumbu ya injini, kwa nini injini iliyokuwa inaongoza imeshindwa kwa kuishiwa na muda, na kama ana RAM ya kutosha, kwa nini asiipe injini yote. Mwongozo huu unayajibu kwa kukupitisha katika kazi yenyewe. Nimetumia Stockfish kwa sababu ni ya bure, inapatikana kwa Windows, Linux, Mac na Android, na mipangilio yake ya kumbukumbu inafanana na ya injini nyingi zinazotumia itifaki ya UCI, yaani lugha ambayo injini na kiolesura cha kuchezea huzungumza. Michezo ninayoizungumzia ni ya dakika moja kwa kila upande, ya dakika tano, au ya dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili kwa kila mwendo, kama inavyochezwa katika Mashindano ya Dunia ya blitz (sataranji ya haraka) ya FIDE, Shirikisho la Sataranji la Dunia. Kuuacha mkao mmoja uchambuliwe usiku kucha ni kazi nyingine yenye vipimo vyake, na sitaiingiza hapa.

Kabla hujagusa chochote, shika jambo hili: katika michezo ya haraka, ukubwa wa kumbukumbu hupimwa kwa muda ambao injini itafikiri, wala si kwa kiasi cha RAM ulichonacho. Hatua zote zinazofuata zinatokana na hilo.

Unachohitaji

- Kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 4 au zaidi. Mifano yangu imepigwa hesabu kwa laptop ya gigabaiti 4 na prosesa ya viini viwili, kwa sababu hiyo ndiyo wengi wetu tunayo.
- Stockfish ya biti 64 inayolingana na prosesa yako. Ukiifungua ikajifunga papo hapo, huenda umepakua toleo la avx2 au bmi2 kwa prosesa isiyoliweza. Pakua lenye maneno sse41-popcnt.
- Kiolesura cha kuchezea, kama vile Cute Chess au Arena.
- Chaja iliyochomekwa. Laptop nyingi hupunguza kasi zikitumia betri, na vipimo utakavyovipata vitakudanganya.
- Kalamu na karatasi. Utaandika namba nne au tano.

Hash ni nini, kwa ufupi

Injini inapotafuta mwendo mzuri hukutana na mkao uleule kwa njia tofauti. Nyeupe akianza d4, nyeusi akajibu Nf6, kisha nyeupe akacheza c4, mkao unaopatikana ni uleule ambao ungepatikana kama c4 ingetangulia na d4 ikafuata. Bila kumbukumbu, injini ingeuchambua mkao huo upya kila inapoufikia. Jedwali la heshi ndilo daftari ambamo injini huandika mikao iliyokwisha kuichambua pamoja na matokeo yake, na Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Namba unayoandika katika Hash ni ukubwa wa daftari hilo kwa megabaiti.

Katika Stockfish kila baiti 32 hubeba kumbukumbu tatu, yaani maandishi ya mikao mitatu, hivyo megabaiti moja huhifadhi kumbukumbu 98,304. Megabaiti 16, ambazo ndizo Stockfish huanza nazo usipoigusa, huhifadhi kumbukumbu 1,572,864. Megabaiti 64 huhifadhi zaidi kidogo ya milioni 6, na megabaiti 128 zaidi kidogo ya milioni 12 na nusu. Kwa hesabu ya mkononi, chukua kwamba kila kumbukumbu hula baiti 10 na ushei.

Hatua ya 1: Jua RAM iliyo huru kweli

Fungua programu zote utakazoziacha wazi wakati wa mchezo, pamoja na kiolesura chenyewe, kisha ndipo uangalie. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, kisha Memory, usome namba iliyo chini ya Available. Kwenye Linux andika `free -m` katika terminali na usome safu ya available. Usisome safu ya free, kwa sababu hiyo haihesabu kumbukumbu ambayo mfumo umeiazima kwa muda na unaweza kuirudisha.

Namba utakayoiona itakushtua ikiwa unaiona kwa mara ya kwanza. Laptop ya gigabaiti 4 yenye Windows na kivinjari kilichofunguliwa kurasa chache yaweza kubakiwa na megabaiti 1,200 tu, au pungufu. Andika namba hiyo, kisha uigawe kwa mbili. Nusu hiyo ndiyo mpaka wako, na kila ulichonacho cha sataranji kiishie ndani yake. Nusu inayobaki ni ya mfumo endeshi, ambao huihitaji ghafla bila kukuomba ruhusa.

Hatua ya 2: Fungua injini bila kiolesura

Bofya faili la Stockfish, au liite kutoka terminali. Utaona mstari mmoja wa jina la programu, kisha kimya. Andika `uci` na ubonyeze Enter. Katika orodha itakayojitokeza, tafuta mstari unaoanza hivi:

`option name Hash type spin default 16 min 1 max 33554432`

Huo unakuambia kiwango cha kuanzia, cha chini na cha juu. Cha juu ni kikubwa kupita kompyuta yoyote ya nyumbani, kwa hiyo usikichukue kama ushauri. Ninasisitiza hatua hii kwa sababu violesura hutofautiana sana na vingine huficha mipangilio, lakini injini yenyewe husema ukweli mtupu ukizungumza nayo ana kwa ana.

Hatua ya 3: Pima kasi ya kompyuta yako

Andika:

`bench 16 1 13`

Injini itachambua mikao kadhaa iliyowekwa ndani yake, na mwishoni itatoa mistari mitatu: muda, idadi ya nodi (mikao ambayo injini imeipitia), na nodi kwa sekunde. Iandike namba ya mwisho. Rudia mara tatu na uchukue ya katikati, maana mara ya kwanza kompyuta huwa bado inashughulika na mengine. Kwa mifano inayofuata nitachukua nodi 700,000 kwa sekunde kwa uzi mmoja (thread, yaani mkondo mmoja wa kazi kwenye prosesa). Wewe tumia namba yako.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya daftari linalotosha

Chukua muda mrefu zaidi ambao injini inaweza kuutumia kwa mwendo mmoja, uuzidishe kwa nodi za sekunde moja, kisha uzidishe kwa baiti 10. Katika mchezo wa dakika tatu na nyongeza ya sekunde mbili, wastani wa miendo 40 ni sekunde 6 na nusu kwa mwendo, lakini injini hutumia muda mwingi zaidi pale mambo yanapokuwa magumu, basi tuchukue sekunde 10. Nodi 700,000 mara 10 ni milioni 7, na mara baiti 10 ni kama megabaiti 70. Megabaiti 64 zinatosha, na 128 ni za mtu anayependa nafasi ya ziada. Katika mchezo wa dakika moja bila nyongeza, ambapo mwendo mrefu hauzidi sekunde tatu hivi, hesabu hiyohiyo inatoa megabaiti 21, na 32 zinatosha kabisa.

Hesabu hii imezidisha kwa makusudi, kwa kuwa si kila nodi huandika kumbukumbu mpya. Nyingi hurudi kwenye mkao uliokwisha kuandikwa.

Sasa tazama upande wa pili, ambako makosa mengi hufanyika. Mtu anaweka megabaiti 2,048 akiamini anaipa injini nguvu. Daftari hilo lina nafasi ya kumbukumbu milioni 201. Kwa kasi ya nodi 700,000 kwa sekunde, hata kama kila nodi ingeandika ukurasa mpya, ingehitajika zaidi ya dakika nne na nusu za kufikiri mfululizo kulijaza, ilhali saa yake yote inaanza na dakika tatu. Sehemu kubwa ya RAM hiyo haitaandikwa chochote cha maana, lakini gharama yake italipwa: injini hulifuta jedwali zima kila mchezo mpya unapoanza, prosesa hupata kazi zaidi ya kutafuta kurasa zilizotawanyika katika eneo kubwa la kumbukumbu, na mfumo endeshi hubanwa.

Ukitaka ushahidi kutoka kwa wenye kazi, angalia Fishtest, mtambo wa majaribio wa Stockfish wenyewe. Michezo yao mifupi ya sekunde 10 na nyongeza ya sehemu moja ya kumi ya sekunde huchezwa kwa uzi mmoja na megabaiti 16. Ile mirefu ya sekunde 60 na nyongeza ya sekunde 0.6 huchezwa kwa megabaiti 64. Watu wanaoipima injini hii kwa mamilioni ya michezo wanatosheka na viwango hivyo.

Hatua ya 5: Weka nyuzi kwanza, kumbukumbu baadaye

Bado uko kwenye dirisha la injini. Andika kwa mpangilio huu:

`setoption name Threads value 1`
`setoption name Hash value 64`
`isready`

Injini ikijibu `readyok`, imekubali. Usitarajie jibu kwa kila mstari wa setoption. Kimya chake si kosa. Maneno name na value ni lazima yawepo, na wengi huyaruka kisha wakashangaa kuona hakuna kilichobadilika.

Nyuzi zote za injini moja hutumia jedwali moja kwa pamoja. Ukiweka nyuzi mbili na Hash ya 64, RAM inayotumika kwa jedwali ni 64, wala si 128. Hata hivyo nyuzi mbili huandika haraka karibu maradufu, kwa hiyo ukiongeza nyuzi rudi kwenye Hatua ya 4 na ubadilishe namba ya nodi. Usiweke nyuzi nyingi kuliko viini vya prosesa, na kama injini mbili zinacheza kwa kompyuta moja ya viini viwili, kila moja ipate uzi mmoja.

Hatua ya 6: Hakikisha kwa macho yako

Andika:

`position startpos`
`go movetime 10000`

Mistari itamiminika kwa sekunde 10. Kila mmoja unafanana na huu:

`info depth 18 seldepth 25 multipv 1 score cp 31 nodes 1204511 nps 912508 hashfull 412 tbhits 0 time 1320 pv e2e4`

Yatafute maneno mawili. La kwanza ni nps, yaani nodi kwa sekunde. Lisishuke sana kutoka kipimo cha Hatua ya 3. La pili ni hashfull, ambalo husomwa kwa sehemu ya elfu: 412 maana yake jedwali limejaa asilimia 41.2. Soma hashfull ya mstari wa mwisho kabla ya bestmove. Ikiwa chini ya 100, daftari ni kubwa kuliko kazi na unaweza kulipunguza. Ikiwa kati ya 300 na 800, umepatia. Ikiwa imefika 1000 mapema, tuseme sekunde ya tatu, ongeza maradufu. Ikifika 1000 sekunde ya mwisho, liache kama lilivyo: daftari lililojaa haliisimamishi injini, bali hufuta kumbukumbu za zamani na zenye kina kidogo na kuandika mpya, na hasara yake katika muda mfupi hivyo ni ndogo mno.

Rudia jaribio hilo kwa 16, 32, 64, 128 na 256, ukiandika nps na hashfull za kila moja kando kwa kando. Kabla ya kila jaribio andika `ucinewgame` ili daftari lianze tupu. Hiyo karatasi itakufaa kuliko ushauri wa mtu yeyote mwenye kompyuta tofauti na yako, mimi nikiwemo.

Hatua ya 7: Zidisha kwa idadi ya injini

Kila injini hubeba jedwali lake. Injini mbili zenye 64 ni 128, na ukiendesha michezo miwili kwa wakati mmoja ni 256. Juu ya hapo, kila Stockfish hupakia mtandao wa neva inaoutumia kupima uzuri wa mkao, ambao ni makumi ya megabaiti, pamoja na nafasi ya kazi ya kila uzi. Jumlisha vyote, ulinganishe na mpaka uliouandika katika Hatua ya 1. Ukizidi, punguza Hash; usile ile nusu ya mfumo endeshi.

Hatua ya 8: Hamishia mipangilio kwenye kiolesura

Uliyoyaandika kwenye dirisha la injini yanapotea ukilifunga, hivyo ni lazima yaandikwe tena ndani ya kiolesura, katika mipangilio ya injini husika. Angalia kama kiolesura chako kina kisanduku cha Hash cha jumla kwa injini zote, kama Arena ilivyonacho, kwa sababu hicho huweza kuifunika namba uliyoiweka kwa injini moja. Anayetumia cutechess-cli, yaani Cute Chess ya kuandikia amri kwenye terminali, anaweza kuandika kila kitu kwa amri moja, na mimi huipenda njia hii kwa kuwa hakuna kinachojificha:

`cutechess-cli -engine name=A cmd=./stockfish -engine name=B cmd=./injini2 -each proto=uci tc=180+2 option.Threads=1 option.Hash=64 -rounds 10 -games 2 -repeat -concurrency 1 -pgnout michezo.pgn`

Hapa tc=180+2 ni sekunde 180 na nyongeza ya sekunde 2, na `./injini2` ni mahali pa injini yako ya pili.

Hatua ya 9: Zima Ponder, rekebisha Move Overhead

Ponder huiruhusu injini kufikiri wakati wa zamu ya mpinzani. Kwa injini mbili kwenye kompyuta moja dhaifu, zitanyang'anyana prosesa na vipimo vyako vyote vitaharibika, hivyo iache ikiwa imezimwa. Move Overhead ni akiba ya muda kwa ajili ya ucheleweshaji wa kiolesura. Stockfish huanza na milisekunde 10, ambazo ni chache kwa kompyuta yenye shughuli nyingi. Weka 50, na kama bado inapoteza kwa muda, 100. Anayecheza kupitia intaneti aongeze zaidi.

Hatua ya 10: Cheza michezo 20, kisha soma faili

Mwishoni fungua `michezo.pgn` kwa kihariri cha maandishi na utafute maneno `time forfeit`, yaani kushindwa kwa kuishiwa na muda. Yasipopatikana hata mara moja, kazi imekamilika. Yakipatikana, endelea hapa chini.

Yanapokwenda kombo

*Injini inashindwa kwa muda.* Chanzo cha kwanza cha kukagua ni RAM kujaa hadi mfumo endeshi ukaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski. Hapo kila mara injini inapofungua ukurasa wa daftari lake hungojea diski, na diski ya kuzunguka ni polepole kuliko RAM kwa kiwango ambacho mchezo wa dakika tatu hauwezi kustahimili. Utaitambua hali hii kwa nps kuporomoka, taa ya diski kuwaka bila kuzimika na kipanya kukwamakwama. Niliwahi kukaa jioni nzima nikiilaumu injini, huku mbele ya macho yangu ngome mbili za ziada zikipotea kwa sekunde zilizokwisha. Hash ilikuwa 3,072 kwenye laptop ya gigabaiti 4. Nilipoiweka 64, tatizo liliisha mchezo uliofuata. Kama RAM ni huru, kagua nyuzi, Ponder na Move Overhead kwa mpangilio huo.

*Inaandika "Failed to allocate" kisha inajifunga.* Umeomba kumbukumbu ambayo mfumo hauwezi kuitoa. Ipunguze hadi ndani ya mpaka wako.

*Nimeweka 64 lakini Task Manager inaonyesha zaidi ya hapo.* Ni sawa. Ziada ni mtandao wa neva na nafasi ya nyuzi, kama ilivyoelezwa katika Hatua ya 7.

*Hash inarudi 16 kila nikifungua.* Hukuhifadhi kwenye kiolesura, au kisanduku cha jumla kimekufunika. Usibadilishe Hash injini ikiwa inafikiri. Simamisha kwanza kwa `stop`. Na fahamu kwamba kuibadilisha katikati ya mchezo hulifuta daftari lote.

*Nps ilikuwa nzuri, baada ya dakika kumi imeshuka.* Hilo ni joto, si kumbukumbu. Inua laptop ipate hewa chini yake, usiiweke juu ya godoro.

*Mchezo unakwama zinapobaki kete chache.* Kama umeweka faili za Syzygy, yaani majibu yaliyokwisha kuhesabiwa ya mikao yenye kete chache, injini inazisoma kutoka diski. Faili za kete tatu hadi tano ni karibu gigabaiti moja, na za kete sita ni karibu gigabaiti 150. Zile ndogo ziweke kwenye SSD, au uiache SyzygyPath tupu kwa michezo ya haraka, kwani Stockfish humaliza vizuri michezo mingi ya mwisho bila msaada huo.

*Lc0 haina Hash.* Kweli, injini hiyo hutumia mpangilio wa NNCacheSize, ambayo huhesabiwa kwa idadi ya mikao na si kwa megabaiti. Usiipelekee namba 64 ukidhani ni kitu kilekile, kwa sababu utakuwa umeinyima karibu kumbukumbu yote.

*Natumia simu.* Katika DroidFish, programu ya sataranji ya Android, ukubwa wa jedwali huwekwa kwenye mipangilio ya injini. Anza na 16, usipite 64, kwa sababu Android huziua programu zinazokula kumbukumbu nyingi pindi tu simu inapoingia au programu nyingine inapofunguliwa, na mchezo wako utakuwa umeishia hapo.